Gitaa Moja la Umeme Linatosha: Benga, Rumba, Kantri na Ibada Hapa Eldoret

Wiki ya mpiga gitaa wa kukodishwa hapa Eldoret huenda hivi: Ijumaa usiku ni rumba na kantri hotelini, Jumamosi ni koito (sherehe ya posa ya Kikalenjin) au harusi inayotaka benga na nyimbo za Kikalenjin, Jumapili asubuhi ni ibada. Mitindo ni mingi, gitaa langu ni moja. Vijana wanaoanza huniuliza kama itawabidi wanunue gitaa la kila mtindo, maana kwenye YouTube kila fundi wa gitaa amekaa mbele ya ukuta uliojaa magitaa. Jibu langu ni hapana. Mwenye gitaa moja hakosi sauti. Kinachomtisha ni uzi kukatika kwaya ikiwa imeshasimama. Ukilielewa hilo, utajua pesa zako uziweke wapi.

Chagua lenye sauti nyingi

Gitaa la umeme hunasa sauti kwa pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba na kuwekwa chini ya nyuzi. Pikapu ya shingoni hutoa sauti nene na tulivu. Ya darajani hutoa sauti kali. Kama utamiliki moja tu, tafuta lenye umbo la Stratocaster, gitaa ambalo Fender walilitoa mwaka 1954, lakini lililowekwa hambaka darajani na pikapu za kawaida katikati na shingoni. Hambaka ni koili mbili zilizofungwa kinyume, kila moja ikiumeza mvumo wa umeme wa mwenzake. Mvumo huo utaujua siku utakapopiga katika ukumbi wenye taa za tyubu na nyaya za zamani. Pikapu tatu na swichi ya nafasi tano zinakupa sauti tano kabla hujagusa pedali yoyote.

Kama unadhani hiyo ni njia ya maskini, mtazame Brian May wa Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Mwaka 1963 May na baba yake walianza kujitengenezea gitaa nyumbani, shingo yake wakaichonga kutoka kwenye mbao kuukuu za mahali pa kuotea moto. Waliliwekea pikapu tatu, kila moja na swichi yake. Ndilo alilolitumia katika sehemu kubwa ya kazi yake na Queen.

Mtindo uko mkononi

Kwa benga, weka swichi kati ya daraja na pikapu ya katikati, piga karibu na daraja, na usitie sauti ya kukwaruza. Sikiliza D. O. Misiani na Shirati Jazz, au Kipchamba arap Tapotuk na Koilong'et Band: solo ni safi na inasikika juu ya besi inayokimbia. Ukali wa sauti hiyo unatoka kwenye mkono wa kulia.

Rumba ya Kikongo huwa na gitaa la rithimu, mi-solo na solo. Hotelini mara nyingi utakuwa peke yako na kinanda, basi shika kazi ya mi-solo: vipande vifupi vinavyozunguka katikati ya shingo, swichi ikiwa kati ya shingo na katikati. Panda kwenye solo mwimbaji anapopumzika, kisha urudi.

Kantri ina mizizi mirefu huku Bonde la Ufa. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimeshafika vijijini. Kwa hiyo usishangae mzee akiagiza kantri saa nne usiku. Tumia pikapu ya daraja, punguza toni kidogo, shika piki kwa kidole gumba na cha shahada, kisha vuta nyuzi nyembamba kwa kidole cha kati.

Kwenye ibada, rudi kwenye pikapu ya shingoni na uwe na kapo, kibanio cha shingo ya gitaa, mfukoni. Mwimbishaji akipandisha ufunguo, mpiga kinanda anabonyeza kitufe tu. Wewe utaokolewa na kapo.

Yote haya yanategemea kitufe cha sauti kwenye gitaa lenyewe. Panga ampu ukiwa umekifungua chote, kisha ukishushe hadi saba kwa rithimu na ukirudishe kumi kwa solo. Ukiona sauti inafifia makali unaposhusha, fundi wa redio anayejua kuchomelea anaweza kukuunganishia kapasita ndogo kwenye kitufe hicho. Ni kazi ya muda mfupi, na ni rahisi kuliko pedali.

Jilinde na uzi unaokatika

Magitaa mengi ya umbo hili yana daraja linaloelea juu ya springi. Uzi mmoja ukikatika, springi hulivuta daraja nyuma na nyuzi tano zilizobaki zinapoteza tuni zote. Mwenye gitaa la akiba atabadilisha, wewe huna. Fungua kifuniko cha nyuma, kaza skrubu mbili zinazoshika springi mpaka daraja lilale juu ya mwili, kisha utuni upya. Utapoteza sehemu ya ule mtikisiko wa mkono wa chuma wa darajani, lakini utamaliza wimbo kwa nyuzi tano.

Nyuzi zikikatikia darajani kila mara mahali pamoja, chuma kina ncha kali. Kisugue taratibu kwa msasa laini. Beba seti nzima pamoja na nyuzi za kwanza kadhaa za ziada, maana hizo ndizo hukatika zaidi. Fanya mazoezi ya kubadilisha uzi nyumbani mpaka uweze kumaliza kabla matangazo ya kanisa hayajaisha.

Baridi, vumbi na boda

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Januari hewa ni kavu, Julai ni mvua na baridi, na shingo ya mbao husogea. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, kisha tazama freti ya saba: pengo lisizidi unene wa kadi ya biashara. Likizidi, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa robo mzunguko, utuni, upime tena.

Kwenye boda vaa begi nene mgongoni. Kwenye matatu shika gitaa mapajani, hata kama utalipia kiti cha pili. Usikubali liingie nyuma chini ya magunia. Ukifika, liache ndani ya begi lipate joto la ukumbi kabla ya kulituni.

Lini ununue la pili?

Kuna sababu ya kweli: bendi inayobadilisha tuni katikati ya onyesho, au kazi ambayo mkataba wake unadai chombo cha akiba. Nje ya hapo, pesa hizo nunulia waya mbili nzuri, nyuzi, kapo, mashine ya kutuni na ukaguzi wa fundi. Kwa kazi kubwa, patana na mpiga gitaa mwenzako: wikendi hii unabeba lake kama akiba, wikendi ijayo abebe lako. Ukirudi nyumbani mara kadhaa bila kufungua zipu ya begi lake, huna haja ya kununua.