Milinganyo ya Kipeo cha Pili: Kuchagua Njia Inayofaa

Mlinganyo wa kipeo cha pili huandikwa ax² + bx + c = 0, ambapo a si 0. Mtahiniwa anatarajiwa kuutatua kwa kutafuta vigawo, kwa kukamilisha mraba, kwa kanuni na kwa grafu. Wengi huzijua njia zote, ila hupoteza dakika nyingi wakisaka vigawo visivyokuwapo. Hebu tuone jinsi ya kuitambua njia mapema.

Swali la mfano

Urefu wa bustani ya mstatili unazidi upana wake kwa mita 4. Tafuta upana ikiwa eneo ni:
(i) mita mraba 60
(ii) mita mraba 50 (nafasi 2 za desimali)

Jibu

Upana ukiwa x, urefu ni x + 4.

(i) x(x + 4) = 60, yaani x² + 4x − 60 = 0.

Kwanza kokotoa b² − 4ac: 16 + 240 = 256. Hii ni mraba kamili, 16 × 16. Kwa kuwa a, b na c ni nambari nzima, vigawo vipo. Tafuta nambari mbili ambazo zao lake ni −60 na jumla yake 4: ni 10 na −6.

(x + 10)(x − 6) = 0
x = −10 au x = 6

Upana hauwezi kuwa hasi, hivyo ni mita 6. Onyesha majawabu yote mawili, kisha ukatae −10 kwa kutoa sababu.

(ii) x² + 4x − 50 = 0.

Hapa b² − 4ac = 16 + 200 = 216, ambayo si mraba kamili. Usitafute vigawo, kamilisha mraba:

x² + 4x = 50
x² + 4x + 4 = 54
(x + 2)² = 54
x = −2 ± 7.348

Upana ni mita 5.35.

Kwa nini tuliongeza 4? Chora mraba wenye upande x. Gawa 4x iwe vipande viwili vya 2 kwa x, uvibandike kwenye pande mbili zinazokutana. Kona moja itabaki wazi: 2 kwa 2. Kuiziba kona hiyo ndiko kukamilisha mraba.

Sasa hakikisha kwa kanuni, x = [−b ± √(b² − 4ac)] ÷ 2a:

x = (−4 + 14.697) ÷ 2 = 5.35

Tanbihi

1. Swali likitaja njia, tumia hiyo hiyo. Jawabu sahihi kwa njia nyingine litakunyima alama za njia.
2. Usigawe pande zote kwa x. Katika x² = 5x, ukigawa utapata 5 pekee na kulipoteza jawabu 0.
3. b² − 4ac ikiwa 0, majawabu mawili ni sawa. Ikiwa hasi, hakuna jawabu halisi. Katika swali la vipimo, kagua upya ulivyouunda mlinganyo.

Zoezi

Taja njia kwanza, kisha utatue:
1. x² + 6x − 16 = 0
2. x² − 6x + 7 = 0
3. 3x² = 12x

Majibu: (1) −8, 2, (2) 4.41, 1.59, (3) 0, 4.