Joto la Kwapa na Joto la Ubongo

Msimu wa pamba uliopita mjomba wangu alianguka na pikipiki hapa Maswa. Alipelekwa Mwanza, akapasuliwa kichwa ili kuondolewa damu iliyoganda chini ya fuvu. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta akitetemeka, naye mama mkubwa amemfunika mablanketi mawili. Mwuguzi aliyavuta yote. "Mama, msimfunike. Kichwani kuna moto kuliko huku kwapani." Mama mkubwa alikasirika sana, na mimi pia kidogo.

Niliporudi shuleni tuliazima kipimajoto, tukampima mwenzetu mzima: kwapani digrii 36.4, mdomoni 36.9. Mtu mmoja, saa ile ile, majibu mawili! Ubongo nao una joto lake. Uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika 100 za mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yetu. Kazi hiyo huzaa joto, na damu ndiyo inayolichukua. Kichwa kikiumia damu haipiti vema, hivyo mara nyingi ubongo huuzidi mwili kwa nusu digrii au hata digrii nzima. Joto likipanda, ubongo hudai oksijeni zaidi wakati ambapo haipatikani. Huvimba, na fuvu halitanuki kama tumbo.

Zipo hospitali zinazopitisha ndani ya fuvu waya mwembamba wa kupimia. Lakini ni ghali, tena waweza kuleta damu au vijidudu. Kwa hiyo wagonjwa wengi hupimwa kwapani mara kwa mara, na kila kipimo huandikwa, ili mganga aone joto linakwenda wapi. Likipanda, si lazima iwe malaria, kama tupendavyo kusema huku kwetu. Yaweza kuwa mapafu, kidonda, uti wa mgongo, ama ile sehemu ndogo ya ubongo itawalayo joto imeumia.

Msomaji atauliza, mbona wasimpoze kabisa? Walijaribu. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 387 katika nchi 18: waliopozwa mpaka kati ya digrii 32 na 35 hali yao ilikuwa mbaya kuliko wenzao. Basi homa hushushwa, lakini mgonjwa hagandishwi.

Mjomba sasa hukaa barazani na kutania watu. Mama mkubwa angali anasema kilichomponya ni mablanketi ya usiku wa kwanza, kabla mwuguzi yule hajaingia zamu.