Mwongozo kwa Mtaalamu wa Mifumo Anayetumwa Kwenye Vyama vya Ushirika Kilimanjaro

Mwongozo huu unamhusu mtaalamu wa programu anayetumwa na kampuni yake kufunga au kurekebisha mfumo wa hesabu kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) na SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) za Moshi, Machame, Kibosho, Marangu na Rombo. Unamhusu zaidi yule ambaye kampuni yake haina utaratibu: aliyeuza mfumo hajui kazi imefikia wapi, aliyeuandika hapokei simu, na posho haijulikani itaingia lini.

Kabla ya nauli, ulizia karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, yakiwamo mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Kwa mtu wa safari, mahali pa kazi ndipo penye uzito. Pakitajwa Dar es Salaam peke yake, nawe ukawekwa Rombo wiki nzima, mzozo wa nani alipie malazi hautakosa. Omba safari na gharama zake zitajwe. Kwa wafanyakazi wasio wa ngazi ya uongozi, sheria hiyo imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kukesha ukiingiza daftari za wanachama kwenye kompyuta ni kazi. Ziandike saa hizo siku hiyohiyo.

Masurufu yapokelewe kabla ya kuondoka. Bodaboda anayekupandisha kutoka barabara kuu hadi ofisi ya chama hana risiti ya EFD, kwa hiyo kubaliana mapema na mhasibu wako kuhusu fomu utakayojaza badala yake. Usikope nauli kwa chama unachokihudumia, wala usipokee malipo ya chama kwa kampuni kwenye simu yako. Siku hesabu zikigoma, jina lako ndilo litakalotajwa.

Ratiba nayo isiachiwe watu wa mauzo. Kuanzia Machi hadi Mei mvua za masika huharibu barabara za udongo za juu mlimani. Kuanzia mwezi wa saba hivi kahawa huanza kupokelewa, na karani wa mizani hana muda wa mafunzo. Kufunga mfumo mpya katikati ya msimu ni kuwaonea watu, na unapaswa kumwambia hivyo bosi wako, kwa barua pepe, kabla tarehe haijatangazwa.

Hapa inafaa ujue umeingia kwa watu gani. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikaundwa mwaka 1933. Mkulima anapoleta kahawa ya maganda anataka kuona kilo zake zikiandikwa, aondoke na stakabadhi mkononi. Mfumo ukipoteza kilo hizo, wewe utakuwa umeshapanda basi. Atakayeulizwa ni karani, jirani yake wa kijijini. Kwa sababu hiyo usiondoe daftari. Acha daftari na mfumo viende pamoja msimu mzima, na kila jioni jumla zilinganishwe mbele ya meneja.

Usiahidi tarehe ambayo ofisi yako haijakuandikia. Sema wazi: sehemu hii haijakamilika, nimeiripoti leo, jibu sijapata. Wazee wa bodi wanalistahimili jambo hilo kuliko "kesho" ya mara tatu. Andika taarifa ya kazi nakala mbili, meneja asaini na kugonga muhuri, moja ibaki chamani. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hautoshi.

Orodha za wanachama zisikae kwenye kompyuta yako binafsi wala kwenye flashi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na namba za simu na akiba za wanachama zinalindwa nayo. Nawe ukiumia ukiwa kazini, mwajiri aitaarifu WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Wewe tunza karatasi za hospitali.

Mshahara usipolipwa, dai kwanza kwa barua. Ukikosa jibu, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, mingine ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki kwa kusubiri ahadi za simu.

Hata ukidai miezi, usizuie nywila za mfumo. Wanachama waliokuja kutoa fedha za ada za watoto hawahusiki na deni lako. Siku unayoacha kazi, kabidhi nywila na nakala rudufu kwa maandishi, meneja wa chama akiwa shahidi, na barua hiyo ubaki na nakala yake.