Mpira wa uzi wenye pumba za mpunga ndani

Jioni Kileo, kwenye tambarare ya Mwanga chini ya milima ya Upare, hutembei mbali kabla hujakutana na watoto wanacheza chandimu kwa mpira walioufunga wenyewe. Zamani ulikuwa rambo juu ya rambo, umekazwa kwa kamba ya katani mpaka unadunda. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na tangu hapo tambara na soksi iliyotoboka zimerudi kwenye heshima yake. Anayejua kufunga mpira huo ameshajua nusu ya kazi ninayotaka kuieleza hapa.

Temari ni mpira wa Kijapani uliozungushiwa uzi na kutiwa nakshi kwa sindano. *Te* ni mkono, *mari* ni mpira. Nayo ilianzia kwenye tambara: vipande vya kimono zilizochakaa vilifinyangwa na kufungwa kwa nyuzi, mtoto akapewa achezee. Katika kipindi cha Edo, kati ya 1603 na 1868, wanawake wa nyumba za wakubwa waliipamba kwa hariri, na uzi wa pamba ulipoenea hata wa kawaida wakaingia kazini. Mipira ya raba ilipofika, temari ikaacha kudundwa, ikawa pambo na zawadi. Mji wa Matsumoto unaionea fahari kiasi kwamba imechorwa kwenye mifuniko ya mashimo ya barabarani. Huko Kagawa, eneo lililoitwa Sanuki zamani, mpaka leo kiini chake ni pumba za mpunga.

Hapo kwenye pumba ndipo niliposimama. Wajapani ndio waliosaidia kujenga skimu za umwagiliaji wa mpunga za Lower Moshi, na Ndungu kule Same, na nyuma ya mashine za kukoboa katika ukanda huu maganda yanarundikwa mpaka yanachomwa moto. Kumbe kiini cha temari tunakitupa.

Ukienda mashineni, omba maganda makavu, siyo ile pumba laini ya kuku. Yapepete vizuri kwenye ungo, kisha yaanike juani siku mbili. Usifanye haraka hapa. Mpira wangu wa kwanza niliujaza jinsi nilivyoyazoa, na chenga za mchele ndani yake. Niliuweka juu ya kabati, na wiki ya pili panya akauchimba kuanzia chini. Nikakuta upande wa juu umekaa na ua lake, na ndani ni tupu. Ukipenda mpira wenye sauti, kama walivyofanya Wajapani wa zamani, tia choroko chache kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko na ukizike katikati ya maganda. Choroko hizo zikaange kwanza, zisije zikatoa wadudu.

Jaza maganda kwenye soksi nyepesi ya nailoni, kata inayozidi, funga. Kiini kiwe kidogo kidogo kuliko chungwa. Kibonyeze, kiviringishe kati ya viganja kama unafinyanga kababu. Halafu chukua uzi wa sufu wa kufumia, hata wa sweta lililofumuliwa, uuzungushie. Siri yote ya umbo iko kwenye zungusho hili: usirudie njia moja mara mbili. Kila mzunguko ugeuze mpira kidogo, uzi upite pembeni ya pale ulipopita. Ukirudia njia utapata tuta, na tuta halifichiki kwa nakshi yoyote. Kila baada ya dakika chache uviringishe juu ya meza huku umeukandamiza kwa kiganja. Mahali palipobonyea utapasikia mkononi kabla jicho halijapaona.

Sufu ikishafunika soksi, ingia kwenye uzi wa cherehani. Bora kuliko wote ni ule wa ovaloki, wa koni kubwa, kwa sababu una manyoya kidogo na hautelezi. Mafundi cherehani huwa na koni zilizobaki robo ambazo hazitoshi kazi ya mteja. Muombe fundi wako kwa upole. Zungushia mpaka sufu isionekane kabisa, kisha endelea kidogo. Tabaka hili ndilo kitambaa chako, kwani sindano itapita chini yake, na likiwa jembamba mishono italegea. Malizia kwa kutunga ncha ya uzi kwenye sindano na kushona mishono midogo ya ovyo huku na huku ili uzi usifumuke. Chagua rangi iliyoiva, ya bluu au maruni. Nyeupe inapendeza dukani, lakini kwa vumbi letu na jasho la mikono itakuwa ya udongo kabla hujafika katikati.

Sasa kupima. Watu wengi wanaona hapa ndipo penye hesabu, wanaogopa. Hakuna hesabu wala rula, ni utepe wa karatasi tu. Kata utepe mwembamba wa daftari, upana wa nusu sentimita, mrefu kuliko mzingo wa mpira. Ubandike kwa pini mahali popote. Hapo ndipo ncha ya kaskazini. Uzungushe mpira mzima hadi urudi kwenye pini, ukate palepale unapokutana. Ukunje katikati, kata kijino kidogo kwenye mkunjo. Ukiuzungusha tena, kijino kitakuonyesha ncha ya kusini. Weka pini, lakini usiiamini. Geuza utepe uelekee upande mwingine, upime tena, na tena. Ikiwa kijino kinaangukia nje ya pini kwa milimita mbili, sogeza pini nusu ya tofauti. Pima pande nne mpaka zote zikubaliane.

Kunja utepe tena, uwe robo. Mikunjo ya robo inakuonyesha ikweta. Weka pini kadhaa kuizunguka. Kunja mara ya tatu, utepe ugawanyike sehemu nane, ulaze juu ya ikweta na uweke pini nane kwenye alama. Ondoa utepe. Chukua uzi unaong'aa, anzia kaskazini, shuka kupitia pini ya ikweta hadi kusini, panda upande wa pili, na uendelee mpaka mpira uwe na mistari nane kama chungwa lilivyogawanyika vipande. Zungushia na ikweta mara moja. Kwenye ncha zote mbili kaza kwa mshono mmoja mdogo, maana mistari ikisogea, ua lote litakwenda upogo.

Ua la kuanzia ni *kiku*, ambalo wauza maua wanaliita krisantemumu. Uzi mzuri ni wa pamba wa kudarizi, ule wa foronya. Hata uzi wa kufumia vitambaa vya makochi unafaa. Sindano iwe ndefu. Kwenye mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano na wa saba, weka pini theluthi mbili ya njia kutoka ncha hadi ikweta. Kwa mpira wa mzingo wa sentimita 25 hiyo ni kama sentimita 4.

Ingiza sindano mbali kidogo, itokeze kushoto mwa mstari wa kwanza, penye pini. Vuta mpaka fundo dogo lizame ndani. Panda kulia hadi mstari wa pili, nusu sentimita kutoka kwenye ncha, na ushone mshono mdogo chini ya mstari, sindano ikitoka kulia kwenda kushoto. Shuka kulia hadi pini ya mstari wa tatu, mshono uleule. Panda wa nne, shuka wa tano, hivyo hivyo hadi urudi ulikoanza. Petali nne zimetokea. Geuza mpira, mkono wa sindano ubaki palepale. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze maelekezo yote.

Mzunguko unaofuata, mshono wa chini ukae chini ya uliotangulia, karibu uguse. Mshono wa juu nao ushuke kidogo kuelekea ikweta, lakini uwe mpana zaidi, ukumbatie nyuzi zote zilizokwisha kupita hapo. Wengi wanakosea hapa: wanadunga katikati ya nyuzi za zamani, ua linakuwa na kidonda. Pitisha sindano chini ya zote.

Baada ya mzunguko wa kwanza, fanya ua la pili kwa kuanzia mstari wa pili, petali zake ziangukie kwenye nafasi zilizobaki. Kisha rudi kwenye la kwanza, ukipokezanisha mzunguko kwa mzunguko, na petali nane zitasukana zenyewe. Badilisha rangi kila baada ya mizunguko miwili au mitatu. Acha ncha za petali zikikaribia ikweta, ugeuze mpira, ufanye kusini vilevile. Mwisho zungushia uzi ikweta, laini kando ya laini bila kupandana, mpaka uwe ukanda. Wajapani wanauita *obi*, kama mkanda wa kimono, nao unafunika makosa mengi ya ncha za petali. Ukate uzi kwa kuuzamisha ndani sentimita tatu nne, uvute kidogo, ukate. Ncha inarudi ndani yenyewe.

Mpira wa kwanza utakula jioni nne au tano. Wa pili utashangaa ulivyo mwepesi. Ukiwa na watoto nyumbani, wafungie na wao mmoja wa tambara tupu kabla hujauanika wako sebuleni, maana wakiuona mviringo na unadunda, hawatakuuliza ni pambo au ni wa chandimu.