Sema Kwanza, Ndipo Umeze: Dawa na Moyo wa Mtoto Tumboni

Moyo huumbika mapema

Ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wiki ya 6 moyo wa mtoto umeshaanza kudunda. Kufikia wiki ya 10, sehemu zake kubwa zimeshaumbika. Wajawazito wengi huanza kliniki baada ya hapo.

Kubwa kuliko yote

Umepitiliza siku zako? Usinunue dawa kabla ya kupima mimba. Mwambie muuza dawa: "Huenda nina mimba." Sema kwanza, ndipo umeze.

Dawa za kuogopa

- Valproeti ya kifafa: hudhuru moyo, uti wa mgongo na ubongo wa mtoto.
- Lithiamu ya magonjwa ya akili: huweza kudhuru moyo unapoumbika.
- Vidonge vya chunusi vya isotretinoini: ukiwa na mimba, usiviguse.
- Kaptopril na enalapril za presha: hudhuru figo za mtoto.
- Diklofenaki na ibuprofeni: kuanzia wiki ya 20, usimeze bila agizo la daktari. Mimba ikikua, huweza kufunga kabla ya wakati mshipa wa damu ulio karibu na moyo wa mtoto.
- Pombe, iwe bia, mbege au gongo: hakuna kiasi salama.
- Dawa za kienyeji: kipimo chake hakijulikani. Ziache.

Usiache dawa zako ghafla

Una kifafa, presha, kisukari au unatumia ARV? Usiache dawa kwa woga. Wahi zahanati; ikibidi, utabadilishiwa. Kisukari kisichotulizwa nacho huweza kudhuru moyo wa mtoto. Malaria nayo huua mama na mtoto: pima, umeze ulichoandikiwa.

Homa na maumivu

Uliza kwanza, mara nyingi utapewa paracetamol.

Baba, mama mkwe, wifi

Msimtume mtoto dukani kuleta "dawa ya mgongo ya mama." Mtoto hawezi kusema mama ana mimba. Msimpe mjamzito vidonge vilivyobaki vya mgonjwa mwingine.

Umeshameza?

Usitoe mimba. Si kila dawa hudhuru. Chukua pakiti, nenda zahanati leo.

Kwa mara ya mwisho

Mama, kila dawa, kila duka, kila mara: sema kwanza, ndipo umeze.