TUJIFUNZE: UISLAMU ULIANZAJE, NASI WAKATOLIKI TUUTAZAMEJE?

Kijana mwenzangu, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nikiwa kidato cha tatu nilibishana bwenini na rafiki yangu Mwislamu. Nikamwambia, "Ninyi hata Bikira Maria hamumjui." Hakukasirika. Akanijibu kwamba Kurani ina sura nzima yenye jina lake, Surat Maryam, sura ya 19. Niliishiwa maneno. Kumbe nilikuwa napinga kitu nisichokijua!

Basi tujifunze kidogo.

MWANZO
Muhammad alizaliwa Makka, Uarabuni, yapata mwaka 570. Waislamu wanaamini kwamba mwaka 610, akiwa katika pango la Hira, alianza kupokea ufunuo kupitia Malaika Jibrili. Alihubiri Mungu mmoja katika mji wenye masanamu mengi. Wakubwa wa mji wakaanza kuwatesa wafuasi wake.

Hapa pananigusa sana. Mapokeo ya Kiislamu yanasimulia kwamba yapata mwaka 615 baadhi yao walivuka Bahari ya Shamu, wakakimbilia Uhabeshi kwa mfalme Mkristo, Najashi. Wamakka wakatuma wajumbe wenye zawadi ili warudishwe. Jafari, binamu yake Muhammad, akamsomea mfalme aya za Surat Maryam. Mfalme akalia, akakataa kuwatoa.

Mwaka 622 Muhammad alihamia Madina. Hiyo ndiyo Hijra, mwanzo wa kalenda ya Kiislamu. Mwaka 630 aliingia Makka, na 632 akafariki. Abubakari akawa khalifa wa kwanza.

IMANI
Nguzo ni tano: shahada, sala tano kwa siku, zaka, saumu ya Ramadhani na hija. Yesu wanamheshimu kama Nabii Isa, aliyezaliwa na bikira. Ila hawakubali kwamba ni Mwana wa Mungu, wala kwamba alikufa msalabani. Tusidanganyane, tofauti hiyo ni kubwa. Msalaba na ufufuko ndio moyo wa imani yetu.

TUFANYEJE?
Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja. Unatuhimiza tuache ugomvi wa zamani, tutafute kuelewana. Kumheshimu mtu si kuficha imani yako. Petro naye anataka tuwe tayari kueleza tumaini letu, tena kwa upole (1Pet 3:15).

Ilinichukua wiki nzima kumwomba radhi rafiki yangu. Alicheka, akanikaribisha futari. Tukiwa tunakula akaniuliza, "Sasa nieleze, kwa nini mnasema Yesu ni Mungu?"

Nikashindwa tena! Safari hii sikuwa na wa kumlaumu. Katekisimu yangu ilikuwa imejaa vumbi.

Je, wewe ungemjibu nini? Wiki hii tafuta jibu, uliandike, kisha mwonyeshe katekista wako.

Bikira Maria, utuombee. Amina.