Risasi Ndani ya Damu

Wanamaabara wenzangu, nikitaja risasi wengi mnawaza bunduki. Mimi nasema yale madini yaliyomo kwenye betri za magari. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi sumu hiyo. Mtoto wa Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo, alitibiwa malaria na taifodi kwanza, hadi damu yake ilipopimwa risasi. Ndiyo shida yenyewe: tumbo kuuma, uchovu, upungufu wa damu, nani atawaza risasi? Ubongo wa mtoto ndio huumia zaidi.

Kupima sasa. Damu ya kidole ni ya kuchuja tu, maana vumbi la ngozini hupandisha majibu. Yakiwa juu, chukua ya mshipa. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita. Lakini jamani, nusu ya risasi iliyo kwenye damu huondoka kwa mwezi mmoja hivi, ilhali mifupa, ikiidhania kalsiamu, huishikilia miaka na miaka. Aliyehama zamani anaweza kutoka na majibu mazuri huku mifupa imebeba mzigo. Kwa hiyo mimi, kabla ya sindano, ningemuuliza: umewahi kuishi wapi, na kazi gani?